Mkono Uliopimwa Mlangoni

Mheshimiwa mgeni rasmi, wewe uliyewekewa kiti chenye mto na bado nakuona unageukageuka kama uliyekalia kokoto. Mkuu wa chuo, mwenye nyumba hii. Walimu wa karakana zote, wa mbao, wa mabomba, wa umeme na wa vyuma. Wazazi wenzangu mliodamka mkapiga pasi nguo ambazo sasa zimeshakunjamana. Ndugu wageni waalikwa, pamoja nanyi mliopita njia mkasikia muziki mkaingia. Na ninyi wahitimu, ambao mnatajwa mwisho ingawa bila ninyi sisi wote leo tungekuwa nyumbani tunafua: nawasalimu kila mmoja kwa heshima yake. Mkiwa wazima, nami ni mzima. Magoti ndiyo yana maneno yao, lakini hayo hayakupewa nafasi kwenye ratiba.

Nimesimama hapa kwa niaba ya wazazi. Mkuu wa chuo aliniambia, "Bibi, utuambie machache kuhusu faida ya ufundi." Nikamjibu sawa. Lakini, Mkuu, faida ya ufundi imesemwa tangu asubuhi, imesemwa vizuri, na mheshimiwa mmoja ameisema mpaka mtoto aliyekaa karibu yangu akalala, akaamka, akalala tena. Nikirudia mimi nitakuwa ninamwagia maji nguo iliyokwisha kulowa. Kwa hiyo naomba radhi mapema, kabla hujanivuta gauni. Nitazungumza juu ya zawadi, nayo ni zawadi anayopewa mtu na mpenzi wake.

Mnacheka. Chekeni, lakini mimi nimepita langoni na macho yangu yapo. Nimewaona vijana wamejipanga pale nje na mashada ya maua ya plastiki, na maboksi yenye utepe, na midubu ya manyoya mikubwa kuliko watoto. Mmoja nikamsimamisha. Nikamuuliza, "Baba, huyo mnyama unampelekea nani?"

"Mpenzi wangu, bibi. Anahitimu leo, upande wa umeme."

"Anapenda midubu?"

"Bibi, nani asiyependa?"

"Sikuuliza watu wote. Nimeuliza huyo wako."

Akafikiri, kisha akaniambia kwa fahari kabisa, "Huyu ndiye mkubwa kuliko wote waliokuwa dukani."

Sasa, ndugu zangu, mmeona mambo? Mimi nimeuliza habari za binti, yeye amenijibu habari za dubu. Na sikumcheka, kwa sababu nyumbani kwangu mwaka huu tumepitia jambo hilohilo, na lilitaka kuniharibia mjukuu. Nina ruhusa ya wenyewe kulisimulia. Mmoja alinipa ruhusa kwa kucheka na mwingine kwa kuinamisha kichwa, na mimi vyote viwili nahesabu ni ndiyo.

Yupo mhitimu mmoja hapa wa upande wa vyuma, ambaye sasa hivi anajificha nyuma ya yule kijana mrefu, na kujificha hakutamsaidia. Ninyi hapa chuoni mmempa jina la Cheche. Ni mjukuu wangu, mtoto wa mwanangu wa kwanza. Wazazi wake walipopata kazi mbali waliniachia mimi, nikamlea, na tangu mdogo alikuwa hashiki mdoli. Alikuwa anashika bawaba za mlango kujua zinazungukaje. Aliposema anataka kujifunza kuchomelea vyuma, wako waliosema huyo ataungua uso. Nikawaambia uso ni wake, na chuo kina kofia za vioo.

Na yupo kijana mwingine, kakaa kule nyuma karibu na ukuta, amevaa shati alilolipiga pasi mwenyewe akasahau mkono mmoja. Huyo ni fundi viatu. Anafanyia kazi chini ya ngazi za jengo lenye duka la vitambaa, na wateja wake humwita Gundi. Walijuanaje? Cheche alidondokewa na kipande cha chuma cha moto juu ya buti, likatoboka, akalipeleka kwa Gundi likazibwa. Wiki iliyofuata likatoboka la pili. Baada ya hapo likatoboka tena la kwanza. Nikasema moyoni, mtoto huyu ama hajui kazi, ama amependa. Kumbe wakati ule yote mawili yalikuwa kweli.

Maana, wazazi wenzangu, Cheche alikuwa hajui kazi bado, na ninalisema mbele yake kwa sababu leo halimwumizi. Mtihani wa vitendo wa fani ile hauna huruma. Mtoto anapewa vipande viwili vya chuma aviunge kwa moto viwe kimoja. Vikipoa, vinakatwa vibamba, na kila kibamba kinawekwa kwenye mashine inayokipinda katikati, palepale penye ungio. Ungio likiwa zima, chuma kinapinda kama mpini wa kikombe. Likiwa na uongo ndani, linafunuka mbele ya watu wote. Hakuna kumbembeleza mwalimu wala kusingizia tumbo. Mara ya kwanza cha Cheche kilifunuka. Na sheria ya chuo ni kwamba ukishindwa mara ya pili, nafasi yako anapewa mwingine aliyeko mlangoni anasubiri.

Ni katikati ya msukosuko huo ndipo Gundi alipotoa zawadi. Rafiki zake walikuwa wamemjaza maneno: mwanamke hupewa kitu kinachoonekana, ukimpa cha bei rahisi utampoteza, mwenzako fulani alitoa hiki na yule alitoa kile. Kijana akajinyima, akajinyima tena, akaingia duka lile lenye vioo na mlinzi, akanunua bangili. Bei yake sitaitaja. Nitasema tu kwamba binti yangu, yaani shangazi yake Cheche, yule pale mwenye kitambaa cha kijani anayejifanya anatafuta kitu kwenye mkoba, alipoiona aliivaa yeye kwanza, akageuza mkono huku na kule, na kuitoa ikawa shughuli.

Gundi akampa Cheche bangili, akamwomba wafunge ndoa. Cheche akafurahi mpaka akakosa pa kuweka mikono, kisha akamjibu kama mtu mzima. "Ningoje nipate cheti. Nikikujibu leo, nitakuwa nimekujibu kwa hofu."

Jibu zuri, sivyo? Gundi akakubali. Lakini bangili ilikuwa na kazi ya kuonekana, na isipoonekana mnunuzi hapati raha. Kila walipokutana aliuliza, "Mbona huivai?" Mjukuu wangu ni mkaidi kwa watu wote isipokuwa kwa anayempenda. Akaanza kuivaa, hata karakanani, akiificha chini ya mkono wa ovaroli ili mwalimu asimfukuze. Siku moja tone la chuma lililoyeyuka likaingia kwenye mkono wa ovaroli likagota kwenye ile bangili. Wenye ujuzi wa vyuma mnajua kilichofuata. Kitu kile cha thamani kilishika moto kikaubana na kuuchoma mkono wake, na ni mkono wa kushoto, ambao ndio anaofanyia kazi.

Hakusema. Aliivua, akaifungia kwenye kabati, akavaa mikono mirefu. Gundi akamwona mkono mtupu. Na mtu aliyejinyima ili anunue kitu, ndugu zangu, huwa ana wivu na kile kitu kama mtoto wake. Akamuuliza, "Umeiuza?"

Mwenzake ana lengelenge linawaka chini ya nguo, ana mtihani unamjia, na anaulizwa kama ni mwizi wa mali yake mwenyewe. Akajibu, "Kama unafikiri nimeiuza, basi nimeiuza."

Wakaachana palepale, mbele ya duka la vitambaa, watu wakitazama.

Mimi nililiona jeraha siku tulipokuwa tunaosha vyombo, aliposahau akakunja mikono. Nikamkamata. Akaniambia yote, akalia, nikampaka dawa huku namfokea, maana mimi nikimhurumia mtu sana huwa nafoka. Shangazi yake alikuwepo. Akasema, "Kidonda hupona. Kitu cha bei ile angevumilia tu."

"Wewe ulivivumilia vile viatu vyako vya harusi?" nikamuuliza.

"Vilinibana, mama."

"Uliolewa kwa miguu mitupu, binti yangu. Nyamaza."

Kesho yake nikachukua ndala zangu nikaenda chini ya ngazi. Gundi alikuwa na misumari mdomoni, kama mafundi viatu wote. Akanipa kigoda, akaigeuza ile ndala juu chini.

"Bibi, ndala hii ni nzima."

"Najua ni nzima. Mgonjwa ni wewe. Mjukuu wangu anafanya kazi gani?"

"Anachomelea vyuma."

"Kwa kutumia nini?"

"Moto, bibi."

"Na wewe ukampa nini avae mkononi?"

Alianza kuitoa ile misumari mdomoni, mmoja, halafu mwingine, akaipanga juu ya goti. Sura yake ilikuwa imebadilika. "Ameungua?"

"Kaulize mwenyewe."

"Hataki kuniona."

"Basi itazame kazi yake. Kazi haijakukasirikia."

Nikavaa ndala zangu nikaondoka. Sikumwambia afanye nini, maana hata mimi sikujua.

Hapa naomba nisimame kidogo, wazee wenzangu, kwa sababu najua mnalo neno midomoni. Mnataka kuniambia kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Ni neno la kweli na sina ugomvi nalo. Lakini niwaulize: Gundi aliponunua bangili, hakuwa na moyo? Aliyekosa chakula cha mchana mpaka suruali ikamlegea, hakuwa na moyo? Alikuwa nao tele. Moyo ulikuwepo na bado mtoto akaungua. Kutoa ni moyo, ndiyo, lakini moyo hauna macho, na asiyeuazima macho utampeleka dukani, na dukani atatazama vioo, na kwenye vioo atajiona mwenyewe. Ndiyo maana watu wengi hutoa zawadi wanayotamani kuonekana wameitoa.

Marehemu mume wangu, babu yake Cheche, hakuwahi kuninunulia kitu cha dhahabu. Mnaona mimi nilivyo mfupi. Tulipohamia ile nyumba, waya wa kuanikia nguo ulikuwa juu, umefungwa na warefu kwa ajili ya warefu, nami nilikuwa napanda juu ya ndoo iliyopinduliwa kila ninapoanika. Sikuwahi kulalamika, nilidhani ndivyo dunia ilivyo. Siku moja nikatoka na beseni nikakuta waya umeshuka mpaka hapa, usawa wa paji la uso wangu. Yeye amekaa kibarazani na koleo, anajifanya anatazama barabara. Tangu siku ile kila mwanamume aliyekuja kumtembelea alijikwaruza shingo, na aliwaambia wote, "Inama, bwana, hapa ni kwa mke wangu." Niambieni, duka gani linauza kitu kile?

Turudi kwa Gundi. Alifunga kazi mchana akaja hapa chuoni, akasimama nje ya wavu wa karakana. Mwalimu wa vyuma akamwona. Mwalimu, si ulimuuliza anatafuta nini? Naye akakwambia, "Natazama mikono." Wewe ungeweza kumfukuza, na haki ungekuwa nayo. Ukamwacha asimame. Mungu akuzidishie.

Akatazama. Akaona kwamba glavu za chuo ni kubwa, zimekatwa kwa mikono ya wanaume wapana, na kwamba Cheche amejaza vitambaa kwenye ncha za vidole ili zisimvuke. Akaona kila anapochomelea anabana kishikio cha kuchomelea kwa nguvu zake zote, asije akakiangusha, na mkono uliobanwa namna ile lazima utetemeke, na moto ukitetemeka chuma hakiungani. Mwalimu akamwambia, "Kila siku namwambia alegeze mkono. Na kila siku najua hawezi. Naandika barua kuomba glavu ndogo tangu mwaka juzi, zinaletwa zilezile."

Gundi aliagana naye. Alikwenda kwake, na kesho yake akapiga hodi kwangu, Cheche akiwa chuoni.

"Bibi, nataka kumpima mkono."

"Mkono umeondoka asubuhi pamoja na mwenyewe."

"Nataka nimpime bila yeye kujua. Akijua atakataa."

Fundi viatu, kwa asiyejua, hupima mguu kwa kuusimamisha juu ya karatasi na kuuchora pembeni kwa kalamu. Sasa utauchora vipi mkono ambao haupo? Mimi nilikuwa nimesimama jikoni na kitambaa chenye sabuni, maana ilikuwa siku ya kusafisha mlango. Mlango wangu wa jikoni mjukuu wangu huusukuma kila jioni akirudi, kabla hajanawa, kwa mkono uleule wa kushoto, palepale, na masizi yamechora kiganja kizima na vidole vyake vyote. Nimegombana naye kwa sababu ya mlango ule tangu aanze chuo. Nikanyanyua kitambaa.

"Bibi, simama hapohapo," Gundi akaniambia.

Mimi huwa siamriwi jikoni kwangu. Lakini nilisimama. Akatoa karatasi nyembamba, akaibandika juu ya alama kwa gundi yake, mwanga wa dirishani ukaonyesha weusi kwa nyuma, akauchora mkono ule kidole kwa kidole, polepole, kama anaogopa kuuamsha. Alipofika kidole cha mwisho akasimama. "Hiki kimepinda kwa ndani."

"Alikivunja akiwa mdogo. Alikibana kwenye bawaba."

"Hakuwahi kuniambia."

"Wewe uliwahi kukitazama?"

Akainama karibu zaidi, akaendelea kuchora.

Ndugu wageni waalikwa, zile glavu hazikuwa mchezo. Ngozi mpya ingekuwa ngumu, basi alichagua ngozi ya mabuti kuukuu ambayo wenyewe hawakurudi kuyachukua, ngozi iliyokwisha kulainika kwa kutembea. Akashona jozi nzima, nzuri, kwa ule uzi wa nailoni anaoshonea viatu. Akaja nayo kwangu, akaomba kaa la moto jikoni, akaliweka juu ya mshono. Ngozi ikastahimili, uzi ukayeyuka kama samli. Alikaa akiitazama kazi yake inavyofumuka. Nikamwambia, "Si umpelekee tu, atajionea mwenyewe?" Akanijibu, "Akishajionea, bibi, atakuwa ameungua mara ya pili kwa mkono wangu." Akakata nyuzi zote akaanza upya kwa uzi mnene wa pamba, mshono akaugeuzia ndani ili moto usiuone, na pale kwenye kifundo cha mkono, ambapo nilimwonyesha lilipo jeraha, akatandika kipande cha ngozi laini. Kidole cha mwisho akakikata kimepinda.

Shangazi yake Cheche alipoziona mezani aliweka mikono kiunoni. "Glavu? Mwanamume anamletea mwanamke glavu? Kesho atamletea sururu, keshokutwa toroli."

"Na zikimtosha?" nikamuuliza.

"Mama, suala si kutosha. Watu watasema nini?"

Ndiyo hilo, binti yangu, na nakujibu leo mbele ya hao watu wenyewe. Waangalie. Waulize wanasema nini.

Asubuhi ya mtihani wa pili Gundi akaniomba nizipeleke mimi. Nikamwambia mimi si tarishi wa mtu mwenye miguu. Nikaenda naye mpaka langoni pale, nikasimama mbali kidogo, si mbali sana. Cheche akaja amebeba kofia yake ya kioo, uso umemkauka kwa kukosa usingizi. Gundi akamnyooshea.

"Nini hizi?"

"Glavu."

"Ninazo."

"Unazo za mtu mwingine."

Akataka kupita. Kisha akachukua ya kushoto, kwa hasira, akaivaa. Akakunja vidole akavikunjua, akakunja tena. Akakitazama kile kidole cha mwisho kimekaa mahali pake, nikaona hasira inamtoka usoni haijui iende wapi.

"Umenipima lini?"

"Sijakupima wewe. Nimeupima mlango wenu wa jikoni."

"Bibi ameuacha mlango mchafu?"

"Nilimuwahi na kitambaa mkononi."

Akacheka, akajizuia. "Bangili sikuiuza."

"Najua. Nimeambiwa kilichokupata."

"Ungeniuliza vizuri ningekwambia."

"Nilikuuliza vibaya."

"Vibaya sana," akasema Cheche, akachukua na ya kulia, akaingia ndani. Hakumwahidi kitu. Gundi alibaki pale anatazama lango lililofungwa.

Wazazi tulikaa nje, madirishani. Niliomba kopo la rangi nikasimama juu yake, na baba mmoja asiyenijua akanishika kiwiko nisianguke. Kama upo hapa, asante. Nikamwona Cheche ameteremsha kioo cha kofia. Mwanga ukawaka. Mimi sijui kuchomelea, lakini nimepiga pasi maisha yangu yote, na mkono unaojua unakokwenda naufahamu. Mkono ule ulikuwa umelegea. Ulitembea taratibu kutoka mwanzo mpaka mwisho, haukukimbia, haukusita, kama mtu anayemalizia pindo la gauni. Alipomaliza akainua kioo akagonga magamba yaliyoganda juu ya ungio yakaanguka, na chini yake mstari ukawa umelala sawasawa.

Kisha vikaja vile vibamba na ile mashine.  Mwalimu akaweka cha kwanza, akashusha mkono wa mashine, chuma kikaanza kupinda kinalia, na mimi nikafumba macho, nasema kweli, nikafumba. Niliyafumbua niliposikia kimya. Mwalimu alikuwa anapitisha kidole gumba juu ya ungio, anapitisha tena. Akaweka cha pili, akakigeuza upande wa ndani uwe nje, maana huko ndiko uongo hujificha. Kikapinda. Akakichunguza kwa kioo cha kukuzia. Halafu mwalimu huyu, ambaye kwa kanuni hatakiwi kusema neno, hakusema neno. Alikuja mpaka dirishani nilipo, akakiinua kile chuma kilichokunjwa mbele ya macho yangu, kizima, hakina ufa hata wa unywele.

Watu wangu, mimi nilipiga kelele nikirukaruka mpaka nikatoboa lile kopo la rangi. Mkuu, nitalilipa.

Na leo amevaa joho, ana cheti, na karakana inayotengeneza matangi ya maji imeshamwita aanze kazi Jumatatu. Kwa glavu zake, maana ameniambia zingine hazivai. Na bangili? Ameivaa. Cheche, inua mkono wakuone. Bangili haikuwa na kosa. Leo hakuna moto. Sisemi msinunue vitu vizuri, vijana, mkiwa navyo vya kununulia nunueni, wenye maduka nao wana watoto. Nasema kabla hujamtazama muuza duka, mtazame mwenzako. Anashika kikombe kwa mkono gani? Anakaa upande gani wa kitanda? Kitu gani anakifanya kila siku kwa shida akidhani ndivyo dunia ilivyo? Ukikosa jibu, hujawa tayari kwenda dukani, hata uwe na mfuko mzito namna gani. Na ninyi mabinti, msidhani mmesalimika. Nawaona mna maboksi ya saa.

Sasa kuna jambo limebaki, na wajanja wamekwisha kuligundua: lile swali. Cheche alisema angojwe mpaka apate cheti, na cheti ndicho kile kimeviringishwa mkononi. Jana nikamuuliza Gundi, "Utamuuliza kesho? Nikuite mbele, upige goti, watu wapige makofi?" Akatikisa kichwa. "Bibi, anaona haya mbele za watu. Nikimuuliza pale nitakuwa nimempa bangili nyingine. Siku yake iwe yake. Mimi nitangoja hata mwaka."

Na mimi nilikuwa nimeshapanga mpaka na pa kupigia goti!

Lakini asubuhi hii nikamsimulia Cheche maneno hayo, yeye ameinama anapiga mswaki. Akasimama na povu mdomoni. Akaniambia, "Amesema hivyo? Basi asiniulize tena, bibi, inatosha. Mwambie wewe. Yeye ana haya, mimi nina haya, na wewe huna hata kidogo. Sema kwenye kipaza sauti, upesi, kisha kaa chini."

Kwa hiyo, Gundi mjukuu wangu, na ninaanza leo kukuita hivyo, shika ukuta usianguke: jibu ni ndiyo.

Haya. Pigeni makofi yenu, nawangoja. Na wewe, shangazi mtu, futa machozi na hicho kitambaa cha kijani, tumeshakuona.

Mheshimiwa mgeni rasmi, nakushukuru kwa uvumilivu wako na wa kiti chako. Walimu, nawashukuru kwa mikono ya watoto wetu. Wahitimu, nendeni mkajenge. Ninyi nyote asanteni kwa kunitegea masikio. Sasa yapelekeni kwa hao mnaowapenda, yana kazi huko.